Mali Bila Daftari

Bagira ni makao ya wafanyakazi. Katika miaka ya 1950 shirika la O.C.A. la serikali ya Wabelgiji lilijenga hapa nyumba za familia za Waafrika waliofanya kazi mjini Bukavu, na kiwanda cha bia cha Bralima kilisimama katika komini hii hii. Kwa hiyo habari za bwana wa kazi na watu wake si habari za mbali kwetu. Huingia nyumbani jioni pamoja na baba, na kuketi mezani penye ugali na sambaza.

Kampuni isiyojua kutunza watu wake hutambulikana upesi. Kila neno lake ni la mdomo. Mtu huanza kazi bila mkataba, huongezewa kazi bila barua, hukatwa mshahara bila kuelezwa sababu. Akiuliza, huambiwa angoje. Akiuliza tena, huitwa mkaidi. Siku za neema hasara hiyo haionekani. Lakini siku ya kuachishwa kazi, yule aliyetumika miaka kumi na mitano huambiwa: "Onyesha." Naye hana cha kuonyesha. Wazee walikwisha sema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mtu ni mali.

Tutazame jambo lililotokea kwetu. Tangu 1998 mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma, mpaka serikali ya mpito ilipoanzishwa mwaka 2003. Kati ya 1999 na 2003 wafanyakazi wengi wa Bralima, kampuni iliyokuwa chini ya Heineken ya Uholanzi, waliachishwa kazi. Desemba 2015, watu 168 kati yao walipeleka malalamiko Uholanzi, kwenye ofisi ya serikali inayoangalia jinsi kampuni zinavyofuata miongozo ya shirika la OECD. Walidai kwamba waliondolewa isivyo haki, kwamba kampuni ilishirikiana na wakuu wa waasi katika jambo hilo, na kwamba hawakulipwa ipasavyo.

Ofisi ile si mahakama. Kazi yake ni kusikiliza na kupatanisha. Pande mbili ziliketi pamoja, na Agosti 2017 ikatangazwa kwamba zimepatana. Tena Heineken ilikubali kuweka utaratibu wa namna ya kuendesha kazi katika nchi zenye machafuko. Basi, tufanye hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1999, baba yake alipofukuzwa kazi, alikuwa kijana wa miaka 18 siku ya mapatano. Nani alilipa karo yake katika miaka hiyo yote? Hapo ndipo uongozi mbaya wa kampuni unapopimwa, si ofisini tu.

Twajifunza nini? Kwanza, wale watu walikwenda pamoja, 168 kwa sauti moja. Mmoja angalirudishwa mlangoni. Pili, hapana budi kuijua sheria kabla ya kuihitaji. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yasema kwamba mwenye mkataba usio na mwisho, akiachishwa na bwana wake, apewe taarifa ya siku 14 za kazi, tena siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka 10, basi, ana haki ya siku 84. Na kampuni ikitaka kupunguza watu kwa sababu ya uchumi, haiwezi kuchagua kwa chuki au kwa udugu: yapasa kutazama ujuzi wa mtu, miaka ya utumishi wake, na mzigo wa jamaa yake. Mwisho wa mkataba, mfanyakazi apewe cheti cha kazi.

Lakini sheria hiyo hiyo haimngojei mlegevu. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1, na madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka 3. Anayesema, "Nitakwenda kwa mkaguzi wa kazi mambo yakitulia," yafaa akumbuke kwamba katika Kivu mambo hukawia kutulia.

Nayo shida haikuishia kwa wale 168. Februari 2025 mji wa Bukavu ulitwaliwa na M23, na kiwanda kile kikaporwa. Juni 2025 Heineken ikatangaza kwamba watu wenye silaha wameshika majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi waliobaki, huku ikiendelea kuwasaidia kwa fedha. Vita vikiingia, makabati ya ofisi huvunjwa na karatasi hutapakaa njiani. Mfanyakazi ambaye karatasi zake zote zimo katika kabati la bwana wake atajua siku hiyo kwamba hana kitu.

Kwa hiyo twawaomba akina baba: mkataba, hati za mshahara, barua za sifa na za onyo, vyote viwe na nakala nyumbani. Akina mama, mjue sanduku lile liko wapi. Mume akifa au akikimbia vita, ni ninyi mtakaoulizwa. Nanyi wanafunzi, mmoja wenu kesho atakuwa karani au mkuu wa wafanyakazi. Atakapoandika jina la mtu katika daftari, aandike kwa uangalifu tarehe aliyoanza kazi. Mstari huo mmoja ndio utakaotetea chakula cha watoto asiowajua.