Kipaji kimoja, riziki nyingi

Mwanao akikujia leo na kusema anataka kuwa mpiga piano, utamjibu nini? Wengi wetu tutamuuliza, "Na utakula nini?" Swali hilo si baya. Ubaya ni kulitumia kumfungia mtoto mlango.

Hebu tutazame maisha ya Mary Lou Williams, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Atlanta mwaka wa 1910 na kulelewa Pittsburgh. Alianza kupiga piano angali mdogo, akiwa amepakatwa na mamake, kwa kusikiliza tu. Alipoanza kazi na bendi ya Andy Kirk, kichwa chake kilijaa muziki lakini hakujua kuuandika. Kirk akawa akimwandikia noti, naye binti huyo hakuona haya kujifunza hadi akaweza mwenyewe.

Hapo ndipo riziki yake ilipopanuka. Mpangaji wa muziki ndiye huamua tarumbeta iingie wapi, saksofoni ijibu vipi na piano inyamaze lini. Mwaka wa 1937 alimtungia Benny Goodman wimbo "Roll 'Em", na baadaye akampangia muziki Duke Ellington. Katika miaka ya 1940, nyumba yake mtaani Harlem, New York, iligeuka darasa. Vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walimwendea kwa mashauri.

Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Mwaka wa 1954, akiwa Paris, alichoka akaacha jukwaa. Aligeukia sala na kuwasaidia wanamuziki wagonjwa na walionaswa na dawa za kulevya. Mwaka wa 1957 alibatizwa Mkatoliki, na mwaka huo huo akarudi kazini. Alitunga muziki wa Misa, uliopigwa mwaka wa 1975 katika kanisa kuu la St. Patrick's, New York. Kuanzia 1977 alifunza katika Chuo Kikuu cha Duke hadi alipofariki 1981, akiwa na umri wa miaka 71.

Basi mzazi, baada ya kuuliza mwanao atakula nini, muulize pia kama anajua kusoma noti, na kama anaweza kumfunza mwenzake. Nawe mwanafunzi unayepiga kinanda kanisani kwa kusikiliza tu, tafuta ajuaye noti akuelekeze. Jukwaa likikukataa, kalamu na darasa vitakupokea. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.