Upasuaji wa kukaza tumbo: Mzigo halisi huanza mgonjwa akirejea Meru na Embu

MWEZI Oktoba 2024, mwanamke mmoja aliaga dunia jijini Nairobi siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo wa kuondoa mafuta mwilini. Kisa hicho kiliwashtua Wakenya, serikali ikaingilia kati na kliniki iliyohusika ikafungwa. Mjadala ulivuma kwa wiki kadhaa kisha ukapoa. Matangazo ya upasuaji wa urembo hayakupoa. Yanawafikia wanawake wa Gakoromone mjini Meru na wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu kupitia simu zao, yakiwa na picha mbili: tumbo la kabla na tumbo la baada. Yaliyo kati ya picha hizo mbili hayaonyeshwi.

Upasuaji wa kukaza tumbo si sawa na ule wa kunyonya mafuta, ingawa wengi huuchanganya na wakati mwingine hufanywa kwa pamoja. Katika kunyonya mafuta, daktari hupenyeza mrija mwembamba chini ya ngozi na kuyafyonza. Katika kukaza tumbo, ngozi hupasuliwa kutoka nyonga moja hadi nyingine na kuinuliwa hadi karibu na mbavu. Misuli iliyoachana kwa sababu ya mimba hushonwa ikakutana tena, ngozi ya ziada hukatwa, na kitovu hutobolewa njia mpya ya kutokea. Kazi hiyo huchukua saa mbili hadi tano, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi. Akizinduka, mara nyingi huwa na mirija ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi, na mshipi wa kubana tumbo atakaouvaa kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo hutembea ameinama, kwani akijinyoosha wima mshono huvuta.

Kovu lake ni la maisha. Watu weusi huathiriwa zaidi na makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, na mwanamke aliyewahi kupata kovu la namna hiyo, hata la kutoboa masikio, yafaa amwambie daktari kabla ya kisu kuguswa.

Wala huu si upasuaji wa kupunguza uzani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya walio kati ya miaka 15 na 49 wana uzani uliopita kiasi, kutoka asilimia 33 mwaka 2014. Wengi wao hawangekubaliwa na daktari makini, ambaye humtaka mgonjwa awe na uzani uliotulia kwa miezi kadhaa, asiwe anavuta sigara, awe amedhibiti kisukari au shinikizo la damu, na awe amemaliza kuzaa. Mimba nyingine hulegeza tena kilichokazwa.

Ndiyo maana swali la kwanza halipaswi kuwa bei, bali tumbo hilo ni la nini. Huenda ni mafuta. Huenda ni misuli iliyoachana, ambayo mara nyingi huimarika kwa mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, huduma inayopatikana katika hospitali za rufaa za Meru na Embu. Huenda ni ngiri iliyochomoza katika kovu la upasuaji wa uzazi, na hiyo ni maradhi yanayotibiwa na daktari mpasuaji wa kawaida. Tofauti hiyo ina uzito hata mfukoni: bima za afya kwa kawaida hazigharamii urembo, ilhali ngiri ni ugonjwa. (Mzee mwenye kitambi haambiwi aende kukatwa, chake huitwa kitambi cha pesa.)

Anayeamua kuendelea kwa kawaida huelekea Nairobi, kwani wataalamu wengi wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wako huko. Gharama hufikia laki kadhaa, na kwa familia inayotegemea majani chai, hiyo ni bonasi na mkopo wa sako kwa pamoja. Lakini pesa ndizo hesabu rahisi. Hesabu ngumu ni ya wiki nne hadi sita ambazo mgonjwa hatakiwi kuinua kitu kizito. Mwanamke anayechuma chai Kionyo au Rukuriri hubeba kapu mgongoni hadi kituo cha kununulia majani. Huteka maji, hukata nyasi za ng'ombe, hubeba kuni, na pengine ana mtoto anayetaka kubebwa. Ushauri wa kupumzika uliandikiwa mtu mwenye likizo ya kulipwa na msaidizi nyumbani. Asipokuwa nao, mshono huachia au maji hujaa upya chini ya ngozi.

Halafu kuna safari. Meru iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi. Hatari kubwa ya upasuaji huu ni damu kuganda katika mishipa ya mguu na kipande chake kusafiri hadi mapafuni, jambo linaloweza kuua ghafla. Kukaa kwa saa nyingi bila kunyoosha miguu ndani ya matatu huongeza hatari hiyo, sawa na baadhi ya tembe za kupanga uzazi, ambazo daktari lazima ajulishwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika na kifua kuuma, hakuna wakati wa kumpigia simu daktari wa Nairobi; ni kukimbizwa katika hospitali iliyo karibu.

Hapo ndipo siri huwa kikwazo. Wapo wanaowaambia jamaa zao kwamba wamekwenda harusini au kumtembelea dada, kwa kuogopa kuchekwa. Dalili zikianza usiku, anayempeleka hospitalini hajui cha kusema, naye muuguzi hana barua ya kumweleza kilichofanywa wala dawa zilizotolewa. Angalau mtu mmoja wa nyumbani anahitaji kuujua ukweli wote na kujua barua hiyo imewekwa wapi.

Kuhusu kliniki yenyewe, baraza la madaktari na wataalamu wa meno, KMPDC, lina sajili ya madaktari na ya vituo vilivyoidhinishwa, na yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Jina la daktari litafutwe humo pamoja na taaluma yake, kwa kuwa leseni ya udaktari pekee haimfanyi mtu kuwa bingwa wa upasuaji wa aina hii. Kisha aulizwe nani atasimamia nusukaputi, mgonjwa atapelekwa hospitali gani mambo yakiharibika, na ni nani Meru au Embu atakayeondoa mirija na kukagua kidonda. Daktari anayejibu kwamba hayo yatajulikana baadaye amekwisha kujibu.