Lavenda: anza na miche 50, viazi vya mama viache

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Lushoto alinijia ofisini, akanionyesha kwenye simu picha za mashamba ya zambarau ya Provence, Ufaransa. "Bwana shamba, nang'oa viazi vya mama, naweka lavenda nusu ekari. Hilo ndilo dili." Nusu ekari hiyo ndiyo inalipa ada ya wadogo zake wawili. Nikamwambia asing'oe kitu.

Sipingi lavenda. Ninachopinga ni kuiweka familia nzima rehani kwa zao ambalo hujalijaribu hata kwenye kitanda kimoja.

Kwanza, udongo. Lavenda asili yake ni nchi za Mediterania, zenye kiangazi kikavu. Ikishashika mizizi, jua inalivumilia vizuri. Kinachoiua ni maji kutuama, mizizi inaoza. Masika yetu mnayajua. Ipande kwenye mteremko, juu ya tuta lililoinuka. Halafu haipendi tindikali, na udongo wa milimani kwetu mwingi ni wa tindikali. Peleka sampuli TARI Mlingano ipimwe, ndipo ujue kama unahitaji chokaa ya kilimo.

Pili, aina. Lavenda inayosifiwa kwa mafuta, Lavandula angustifolia, inataka kipindi cha baridi ndipo ichanue vizuri. Lavandula dentata, yenye majani kama meno ya msumeno, inachanua hata pasipo baridi kali, lakini mafuta yake siyo yale wanunuzi wanayoyatafuta. Anayekuuzia "miche ya lavenda" muulize ni aina gani. Akikosa jibu, rudisha pesa mfukoni. Chukua miche ya vipandikizi, kwa sababu ya mbegu haifanani. Na ukitaka kuleta miche kutoka nje ya nchi, pata kwanza kibali cha TPHPA.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaumia: soko. Viazi vikikosa bei, mnakula nyumbani. Lavenda haijazi sufuria. Mwaka wa kwanza hakuna mavuno ya maana, mavuno kamili huanza kama mwaka wa tatu. Kupata kilo 1 ya mafuta unahitaji kilo 100 na zaidi za maua mabichi, pamoja na mtambo wa mvuke. Nusu ekari haiwezi kulipa mtambo wa peke yako. Mkulima mdogo njia yake ni maua makavu: funga mafungu, ning'iniza kichwa chini kivulini penye hewa, kisha tengeneza vifuko vya kuweka kabatini. Nyumba za wageni hapa mjini zipo, waulize kabla ya kupanda. Ukifika kwenye sabuni, pita SIDO wakuelekeze, halafu TBS.

Najua mtasema bwana shamba anatukatisha tamaa. Hapana. Fanyeni hesabu: sentimita 60 kati ya mche na mche, mita 1 kati ya mstari na mstari, miche 50 inakula mita za mraba 30 tu. Hiyo ni pembeni ya nyumba. Ikifa, umepoteza hela ya miche. Ikichanua, una vipandikizi vyako mwenyewe, una sampuli ya kumwonyesha mnunuzi, na mama ameona kwa macho yake. Hapo ukiomba robo ekari, mnazungumza kama wabia.

Kijana yule aliondoka amenuna kidogo. Juzi kanitumia picha: tuta moja limeinuliwa vizuri nyuma ya jiko, na viazi bado vipo. Mimi hiyo naiita kilimo biashara. Kabla hujang'oa chochote nyumbani, njoo ofisini tuongee.