Tiba ya Mbali na Soni ya Karibu

Jirani yangu hapa mtaani Tena, mwalimu mstaafu, alikawia miaka miwili kabla ya kumweleza daktari kwamba mkojo unamsumbua. Saratani ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuenea mifupani. Majuzi mwanawe, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinijia na habari za tiba inayotumia chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe.

Habari hizo ni za kweli. Tiba moja ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2010. Chembe nyeupe hutolewa katika damu, hufunzwa maabarani kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini mara tatu. Katika utafiti wa wagonjwa 512, waliotibiwa hivyo waliishi miezi 4 hivi zaidi ya wenzao. Bei yake ilianza kwa dola 93,000. Nyingine, ambazo chembe hubadilishwa jeni, zingali katika majaribio.

Wanasayansi na waendelee, na wanafunzi wetu wajiunge nao. Hata hivyo, nashikilia kwamba adui wetu wa kwanza ni soni. Kipimo cha damu kiwezacho kuudokeza ugonjwa huu mapema kinapatikana papa hapa Nairobi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi walimu wenzangu, tuutaje ugonjwa huu darasani bila kutahayari. Nanyi wanafunzi, waulizeni baba zenu waliotimiza miaka 50 kama wamezungumza na daktari. Jirani yangu hakuulizwa na yeyote. Hata mimi, niliyekunywa chai naye kila Jumapili, sikumwuliza.