Panga Butu Ndilo Linalokata Muundi

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi, tuongee habari za chuma. Usicheke. Kila Desemba mabasi ya Mbeya na Songea yanawashusha vijana pale Nyololo, Mufindi, kwenye njia ya kuingilia Igowole na Mgololo. Jinzi imekaa, raba nyeupe kama maziwa. Kesho yake alfajiri shangazi yuko mlangoni: "Kamwene, mwanangu. Chukua panga ukafyeke kule nyuma." Mvua zimeshaanza, nyasi ziko magotini, na hapo ndipo mtoto wa mjini anapoumbuka.

Panga lenyewe butu kama kijiko. Badala ya kulinoa, mshikaji anaongeza nguvu! Wengi wanadhani panga butu ndilo salama. Uongo mtupu. Panga kali linaingia pale ulipolielekeza. Butu linagonga mti, linateleza, na likishateleza linautafuta muundi wako.

Waulize wagema wa ulanzi. Chipukizi la mwanzi likishakatwa ncha, mgema analichonga upya asubuhi na jioni, kipande chembamba kama karatasi, ili maji yake yaendelee kudondoka. Kisu kikiwa butu kinaliponda chipukizi badala ya kulikata, basi ulanzi unapungua. Ndiyo maana kisu cha mgema huazimwi hata ukilia.

Haya, tafuta tupa bapa ya inchi 8 au 10, na iwe na mpini, maana ule mkia wake ukiteleza unaingia kiganjani. Panga libane kwenye jiliwa kama fundi jirani analo, au lifunge kwa kamba juu ya gogo, makali yatazame mbali na wewe. Tupa inakata ikisukumwa tu. Ikirudi, inyanyue. Wale wanaosugua kwenda na kurudi kama wanapiga pasi wanayaua meno ya tupa bure. Kuhusu pembe, chukua kona ya daftari, igawe nusu, kisha nusu tena: hizo ni nyuzi 22 na kitu, zinatosha. Ukiyafanya membamba kama wembe, yatajikunja kwenye kisiki cha kwanza.

Sukuma mara kumi upande huu, kumi upande ule, mpaka usikie uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Kuusikia, pitisha kidole gumba kukatiza makali. Ole wako ukipitishe kufuata urefu wake. Uzi huo uondoe kwa jiwe la kunolea lenye maji.

Najua utaniambia, kaka, si kuna jamaa wa jiwe la umeme? Cheche zinaruka kama fataki, dakika moja kazi imekwisha. Sawa, lakini angalia rangi. Chuma kikipata joto la nyuzi 200 na ushee kinakuwa manjano ya nyasi kavu, kikikaribia 300 kinakuwa bluu. Ukiona bluu kwenye makali, ujue ule ugumu uliowekwa kiwandani umepungua. Utanoa leo, kesho butu. Kama huna njia nyingine, simama hapo hapo, mwambie alichovye kwenye maji kila mara.

Halafu mpini. Litikise. Ribiti zikiwa zimelegea, ziegemeze kwenye chuma kizito uzigonge taratibu. Shoka ndilo lenye balaa zaidi, kwa sababu watu wanaliloweka kwenye ndoo usiku kucha. Mbao inavimba, asubuhi limebana safi kabisa. Jua likiwaka mbao inasinyaa, na saa saba mchana kichwa cha shoka kinaruka. Kinaruka kuelekea kwa nani, hakuna ajuaye. Pigilia kabari ya mti mgumu uliokauka, dakika tano tu.

Na ukungu wa Mufindi unaleta kutu haraka, kwa hiyo ukimaliza kazi futa udongo, kausha, paka mafuta. Kisu cha jikoni kipake ya kula. Ukikuta darini jembe la enzi za UFI ya Ubungo au ZZK ya Mbeya, usilitupe. Kutu ya juu inaondoka kwa msasa.

Ukijikata, kandamiza kwa kitambaa safi damu ikate, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda. Watu wanailaumu kutu, kumbe vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi. Hata panga linalong'aa linaweza kukuachia.

Mwisho, usiliegemeze nyuma ya mlango, watoto wanapita hapo. Litundike juu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, maswali yenu yamelundikana.