Malaika aliruka kutoka Taita, riziki ikabaki ughaibuni

Mwishoni mwa Mei 2025 mwimbaji wa Marekani Taylor Swift alitangaza kwamba amefanikiwa kuzinunua rekodi za albamu zake sita za kwanza, baada ya kuzipigania kwa miaka sita. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku moja. Wengi waliisoma kama habari ya tajiri kuongeza mali. Sisi wa Voi na Taita Taveta tulipaswa kuisoma kwa jicho jingine, kwa sababu kisa cha namna hiyo kilianzia kwetu zaidi ya miaka sitini iliyopita, na mwisho wake haukuwa wa kupigiwa vigelegele.

Kisa chenyewe ni cha Fadhili William Mdawida. Alizaliwa Taita Taveta Novemba 1938. Hata asiyemjua atalitambua kabila lake kwa hilo jina la mwisho, maana Mdawida ndivyo Mtaita anavyojiita kwa lugha yake. Mnamo mwaka 1960 hivi, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, yeye na bendi yake ya Jambo Boys walirekodi wimbo wa Malaika. Huu ni wimbo wa kijana anayetaka kuoa lakini mfuko wake mtupu. Hakuna harusi ya Pwani ambayo haujapigwa, na hakuna hoteli ya ufuo ambako mgeni hajauomba.

Kutoka hapo wimbo ulichukua njia yake. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia katika albamu yao ya pamoja, iliyokuja kushinda tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 Hep Stars wa Uswidi waliuimba kwao ukapendwa sana. Mwaka 1981 Boney M wakautoa kwa mtindo wa disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi upya. Huo ndio umaarufu wa dunia, na ulipatikana kabla ya intaneti, kabla ya simu za mkononi, kwa santuri na redio tu.

Na Fadhili mwenyewe? Aliongoza bendi ya Equator Sound jijini Nairobi, katika studio iliyoendeshwa na Charles Worrod, akiwa na magwiji kama Daudi Kabaka. Baadaye alihamia Marekani akakaa huko miaka mingi, kisha akarudi nyumbani. Alifariki Nairobi Februari 2001. Wimbo ulikuwa umezunguka mabara yote, lakini hakuna aliyemhesabu mwimbaji wake wa kwanza miongoni mwa matajiri. Kijana wa kwenye wimbo alikwama kwa kukosa fedha, na maisha ya aliyemwimba yakaja kufanana naye.

Wimbo mmoja, mali mbili

Ili tuelewe kilichotokea, ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Wimbo una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti yake, hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani na watu fulani. Mtu mmoja anaweza kumiliki mali hizi zote mbili, na pia zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti kabisa.

Swift alianza kama msichana wa muziki wa kantri. Familia yake ilihama kutoka Pennsylvania hadi karibu na Nashville akiwa na miaka 14, na albamu yake ya kwanza ikatoka 2006. Kufikia 2014 alikuwa ameiacha kantri na kuimba pop mtupu. Mkataba wake wa ujana ulizipa rekodi zake kampuni. Kampuni hiyo ilipouzwa 2019, rekodi zikauzwa nayo, na mwaka uliofuata zikauzwa tena kwa wengine. Lakini utunzi ulibaki na jina lake, kwa kuwa nyimbo aliziandika yeye, peke yake au pamoja na wenzake. Kwa nguvu hiyo aliingia studio akaanza kuzirekodi upya, albamu baada ya albamu, kuanzia 2021. Mashabiki wakahamia kwenye rekodi mpya. Ziara yake iliyoisha Desemba 2024 ikampa fedha, na mwaka uliofuata akazinunua zile za zamani.

Utasema alikuwa na mawakili na mamilioni. Ni kweli. Hata hivyo mawakili hao walikuwa na pa kuanzia, nayo ni karatasi inayosema nani alitunga. Karatasi hiyo haikuhitaji mamilioni.

Nani alitunga Malaika?

Hapo ndipo kisa chetu kinapouma. Hadi leo watu hawakubaliani nani alitunga Malaika. Wako wanaosema ni Fadhili. Wako wengi wanaosema ni Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, na kwamba aliutunga katikati ya miaka ya 1940, Fadhili akiwa bado mtoto mdogo. Majina ya Lucas Tututu na Grant Charo nayo hutajwa. Kila upande una mashahidi wake, na wengi wa mashahidi hao wameshatangulia mbele za haki.

Makala haya hayatauamua ubishi huo. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi Wataita hatupungukiwi na kitu tukikiri kwamba huenda Fadhili hakuutunga. Yeye ndiye aliyeurekodi kwanza, na sauti iliyoufikisha kwa wengine ni yake. Heshima hiyo inamtosha. Lakini ubishi wenyewe una gharama. Wimbo ambao mtunzi wake anabishaniwa ni kama shamba lisilo na hati. Kila mpita njia anavuna, na wanaodai kuwa wenyewe wanashikana mashati kando ya barabara.

Tazama na tarehe zilivyotupita. Belafonte na Makeba walitoa albamu yao 1965. Kenya huru ilitunga Sheria yake ya Hakimiliki 1966. Boney M walitoa Malaika 1981. Chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kiliundwa 1983. Kila mara wimbo ulitangulia, na chombo cha kuulinda kikafuata nyuma. Mtu anayedhani Fadhili alizembea peke yake hawatendei haki watu wa kizazi chake. Hata Daudi Kabaka aliuona wimbo wake wa Helule Helule ukiimbwa na The Tremeloes huko Uingereza mwaka 1968, wakati ambapo kwetu hapakuwa na chama hata kimoja cha kumkusanyia haki yake.

Linganisha na Jambo Bwana wa Them Mushrooms, wimbo wa Pwani yetu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nao ulichukuliwa na Boney M, nao umeimbwa na watu wasiojua hata ramani ya Kenya. Tofauti ni kwamba ukiuliza nani alitunga, jibu ni moja: Teddy Kalanda Harrison. Jina likiwa moja, mwenye kudai anajulikana na anayedaiwa hana pa kujificha.

Ya leo ndiyo yanayotuhusu

Kuna atakayesema haya ni mambo ya kale. Siyo. Kwa sheria ya Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hivyo rekodi ya Jambo Boys ya 1960 hivi imeshatoka kwenye ulinzi huo hapa nchini. Lakini utunzi, kama ni wa Fadhili, unalindwa hadi mwisho wa 2051. Swali la nani alitunga bado ni swali la fedha, tena la fedha za wajukuu.

Na makosa yale yale tunayarudia. Kijana wa Voi leo hahitaji kupanda gari moshi kwenda Nairobi kutafuta studio kama walivyofanya wazee. Kompyuta moja, maikrofoni moja na chumba chenye godoro ukutani vinatosha. Anaingia usiku na rafiki zake. Mmoja analeta maneno, mwingine anabuni kiitikio, prodyuza anapiga biti. Asubuhi wimbo uko mtandaoni. Ukiwauliza ni wa nani, kila mmoja atasema ni wake, na wote watakuwa wakisema kweli kwa kiasi fulani. Hapajaandikwa kitu. Wimbo ukifa, urafiki unaendelea. Wimbo ukipendwa, vita vinaanza.

Fedha zenyewe siku hizi zina njia zinazojulikana. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka wazi mgao wa milio ya simu, ile anayoisikia anayekupigia. Mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala wa kati asilimia 8.5. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini asilimia 52 hulipwa kwa jina lililosajiliwa. Kama prodyuza alisajili kwa jina lake kwa sababu ndiye pekee aliyejua namna, zinaingia kwake. Kwenye mitandao ya kusikiliza muziki nako kuna masharti. Spotify, iliyofika Kenya 2021, tangu 2024 hailipi kitu kwa wimbo uliosikilizwa chini ya mara elfu moja kwa mwaka. Wimbo wa Kidawida wenye wasikilizaji wachache lakini waaminifu unaweza kuishia kwenye kapu hilo.

Vyama vya kukusanya mirabaha navyo vimetuchosha. Mivutano ya leseni kati ya MCSK na KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, imefika hadi mahakamani, na fahali wawili wakipigana sote tunajua nyasi zinavyokuwa. Lakini udhaifu wa vyama ni sababu ya kuzidisha kuandika, wala si sababu ya kuacha. Asiye na kumbukumbu hata chama kikitengemaa kesho hakitamwona.

Cha kufanya ni kidogo

Kwa msanii: kabla ya kutoka studio, andikeni karatasi moja. Jina la wimbo, tarehe, nani aliandika maneno, nani alibuni sauti, nani alipiga biti, kila mmoja ana asilimia ngapi, na rekodi ni ya nani. Wekeni sahihi wote, kila mmoja apige picha abaki nayo. Kisha sajilini KECOBO, jambo linalofanyika kwa mtandao. Kisheria hakimiliki huzaliwa mara tu kazi inapowekwa kwenye maandishi au rekodi, hata bila usajili. Usajili ni ushahidi, na ushahidi ndio waliokosa wazee wetu.

Kwa kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Taita Taveta hutumia wasanii wake kila kunapokuwa na sherehe, wakaimba, wakapewa maji ya chupa na nauli. Mwatate ingeweza kufanya zaidi kwa gharama ndogo: afisa mmoja anayejua hakimiliki, awe na meza Voi siku mbili kwa wiki, awasaidie vijana kusajili. Na pawe na hifadhi ya sauti. Habel Kifoto, mwana wa Taita aliyeongoza Maroon Commandos, bendi ya jeshi, alituimbia Charonyi ni Wasi kwa lugha yetu katika miaka ya 1970, wimbo wa machungu ya kuwa mbali na nyumbani, na Kenya nzima ikacheza bila kuelewa maneno. Naye alitutoka 2011. Nani ameketi na waliobaki wa kizazi hicho akawauliza nani alitunga nini, kabla nao hawajaondoka na majibu?

Kwa sisi wasikilizaji: tukipakia wimbo wa mtu kwenye video ya harusi, tuandike jina lake. Halituongezei gharama yoyote, na siku ya ubishi linaweza kuwa shahidi.

Vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau havijaacha kutoa sauti. Usiku wa leo kuna kijana hapo Voi anayejaribu gita, na huenda wimbo wake ukafika mbali kuliko atakavyofika yeye. Tumwambie mapema: wimbo ukianza safari, jina lako liwe limeshapanda.