Redio ya asubuhi: Mvuto wa zamani si kumbukumbu tu

RADIO Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilipokuwa peke yake hewani Tanzania Bara, asubuhi ilikuwa ya taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na ushindani ukaleta vichekesho na mijadala.

Hata hivyo, wapo wanaotamani utaratibu ule. Tusiwabeze. Habari za msiba sasa hupelekwa kwa simu ya mkononi, lakini simu haijachukua nafasi ya mtangazaji anayeijua wilaya yake: daraja lililobomoka, zahanati iliyoishiwa dawa, bei ya mahindi gulioni. Ndiyo maana wafugaji wa Terrat, Simanjiro, walihitaji Orkonerei FM.

Tatizo ni fedha. Watangaza biashara hukimbilia vituo vikubwa. Halmashauri zingepeleka matangazo yao ya kulipia katika redio za wilaya, zingezisaidia kuishi. Vinginevyo, mkazi wa Simanjiro atajua foleni ya Ubungo kabla ya kujua kwamba barabara ya kwao imekatika.